Moto usio na moshi: kuandaa havan ya familia kwenye baridi ya Mbeya na Iringa

Moshi mwingi kwenye havan, ibada ya moto ya Kihindu, si dalili ya baraka nyingi. Ni dalili ya kuni mbichi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloharibu havan nyingi za majumbani huku nyanda za juu kusini. Watu wanakaa saa nzima wakikohoa na kufuta machozi, watoto wanatolewa nje, pandit, yaani kuhani, anakatisha mantra ili apulize moto, halafu mwisho wa yote watu wanafarijiana kwamba moshi ule umefukuza mabaya. Maandiko hayasemi hivyo. Mundaka Upanishad, andiko la kale la Kihindu, inaelekeza sadaka itiwe pale moto unapokuwa umeshika na ulimi wake unacheza. Moto uliofifia haupelekei sadaka popote. Inabaki pale pale, inaungua nusu, inageuka masizi kwenye dari.

Kwa msomaji asiye Mhindu, havan ni ibada ya kutoa sadaka motoni: samli, nafaka, viungo na vijiti vya miti maalumu, huku mantra za Kisanskriti zikisomwa. Agni, yaani moto, ni mjumbe. Kinachotiwa kinywani mwake huwafikia wanaoombwa. Familia hufanya havan wanapohamia nyumba mpya, mtoto akizaliwa, baada ya ugonjwa mrefu au msururu wa mikosi, wakati wa Navratri, sikukuu ya usiku tisa, na kabla ya safari kubwa. Kwa Kisanskriti inaitwa pia homa, ila neno hilo huku lina maana yake, na ukimwambia jirani kesho kuna homa nyumbani atakuja na pole. Basi semeni havan.

Majirani wengine huiita kuzindika nyumba. Neno haliko mbali sana na maana, kwa kuwa kinga imo kweli ndani yake, lakini hakuna damu, hakuna kitu kinachofukiwa kizingitini, na haielekezwi dhidi ya mtu. Kila sadaka inapotiwa husemwa “idam na mama”, hiki si changu. Anayeomba kinga huanza kwa kuachia.

Sasa kuni. Zilizo rahisi kupatikana huku ni mpaini na mkaratusi. Mabanzi ya mpaini yanashuka kutoka Mufindi kila siku na bei yake ni ndogo, ndiyo maana yanaishia kwenye havan. Msiyatumie. Mpaini una utomvu, na utomvu ukiungua hutoa masizi meusi mazito na cheche zinazoruka hadi kwenye nguo. Mkaratusi nao, usipokauka sawasawa, hulia na kurusha vipande vya kaa, na harufu yake hufunika harufu ya viungo vyote ulivyonunua. Miwati ya Njombe ni kuni nzuri sana jikoni, lakini haimo kwenye orodha ya miti ya ibada. Orodha hiyo ina mpalasha, shami, mpipali, miti jamii ya mkuyu, bilva na mwembe. Kwetu unaopatikana kwa urahisi ni mwembe. Haupendi baridi ya Mbeya mjini, ila upo tele Kyela, Usangu na Pawaga. Agiza matawi yaliyopogolewa, yasiyoliwa na wadudu wala kuota ukungu, na uyaagize mapema, kwa sababu tatizo kubwa ni ukavu.

Mwembe uliokatwa leo unahitaji miezi 6 hivi kukauka, na kwa ukungu wa Tukuyu au mvua za Desemba hadi Machi miezi hiyo haitoshi kama kuni zimelala kwenye kibanda cha nje. Pasua vipande viwe na unene wa kidole gumba, vingine vinene mara mbili ya hapo, kisha viweke darini juu ya jiko, kama mahindi ya mbegu yanavyowekwa. Kujua kama vimekauka, gonga viwili pamoja: kikavu hutoa mlio mkali, kibichi hutoa mlio wa kitu kilichojaa. Tazama ncha, lazima ziwe na nyufa. Kama bado una shaka, pima kilo moja, iweke karibu na jiko siku 2, upime tena. Ikipungua zaidi ya gramu 100, havan isubiri. Kwa havan ya saa moja, kilo 3 za kuni kavu zinatosha, na nusu kilo ya akiba ikae pembeni. Mbali na hizo andaa samidha tatu, vijiti vilivyonyooka vya urefu wa vidole 8 kwa upana, karibu sentimita 15, vitakavyochovywa kwenye samli na kutiwa kimoja kimoja.

Beseni la moto, havan kund, lina vipimo vyake. Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj, jumuiya ya mageuzi ya Kihindu, mjini Bombay mwaka 1875, aliagiza kund ya mraba yenye upana wa vidole 12 au 16 juu, kina sawasawa na huo upana, na kitako robo yake. Kwa sentimita, ile ndogo ni kama 23 juu, 23 kwenda chini, na 6 kwenye kitako. Kubwa ni 30, 30 na 7 na nusu. Umbo hilo lina sababu. Kuta zinazoinama zinasukuma makaa yakusanyike katikati, joto halitawanyiki, na kuni zilizopangwa juu zinabaki na nafasi ya hewa pembeni. Beseni la kunawia, lenye kitako kipana, hutawanya makaa na ndiyo maana moto wake hufa kila baada ya dakika 5.

Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kulitengeneza kwa chuma cheusi cha milimita 2. Mkataze kabisa bati la mabati. Lina zinki juu yake, na likipata moto mkali hutoa mvuke usiofaa kuvutwa. Asipake rangi. Kabla ya siku yenyewe, liwashie moto mkubwa nje ili mafuta ya kiwandani yaungue yaishe. Siku ya havan liweke juu ya tabaka mbili za matofali ya kuchoma na mchanga mkavu katikati. Vigae vya sakafu hupasuka kwa joto kwa mlio wa bastola, na saruji tupu huruka vipande. Mchanga mbichi na mawe ya mtoni msiyaweke kabisa, maji yaliyomo ndani yakichemka jiwe hupasuka.

Samli iwe ya maziwa ya ng'ombe. Mafuta ya mboga yanayouzwa kwa jina la samli hayafai hata kama kopo lina picha ya ng'ombe. Maziwa huku hayakosekani, Rungwe na Njombe wanafuga vizuri, kwa hiyo ni afadhali upike mwenyewe: kilo moja ya siagi isiyo na chumvi hutoa gramu 800 hivi za samli. Pika kwa moto mdogo hadi povu litulie, mashapo chini yawe rangi ya kahawia, na sauti ya kuchemka ikome kabisa. Sauti hiyo ni maji. Samli yenye maji ikifika motoni hulipuka na kuwarukia walioketi.

Kiasi? Dayananda aliweka sadaka 16 kwa kila mtu, na kila sadaka isipungue masha 6 za samli, ambazo ni karibu gramu 6. Watu wanne ni 4 mara 16 mara 6, yaani gramu 384. Kwa hiyo nusu kilo inatosha familia ndogo kwa havan ya kawaida. Kwa wanaofuata taratibu za Kipurana, yaani za maandiko yaitwayo Purana, mchanganyiko wa nafaka hupimwa kwa kugawanya nusu kwa nusu: ufuta mweusi kilo 1, mchele nusu kilo, shayiri robo, sukari gramu 125, na samli nusu ya jumla ya vyote, hapo inakuja kama gramu 940. Chukua mchele wa Kyela au wa Mbarali na uupembue mwenyewe. Chenga haziingii, kwa kuwa mchele wa ibada unaitwa akshata, usiovunjika, na jina hilo ndiyo sharti lake. Viungo vinavyofuata ni iliki, karafuu, kungumanga, zafarani kidogo, zabibu kavu na unga wa msandali wa dukani. Msimtume mtu akakate msandali wa porini. Si mti ule ule wa India, na umeshavunwa kupita kiasi.

Wakati wa Juni na Julai samli huganda mezani. Watu wengi huichota hivyo hivyo na kuitupa motoni kama ugali. Donge la samli halishiki moto mara moja. Linaangukia kwenye makaa, linayapoza, linayeyuka taratibu, na katika kuyeyuka huko linatoa moshi mweupe unaochoma macho. Hiki ndicho chanzo cha pili cha moshi baada ya kuni, na dawa yake ni ndogo sana. Weka bakuli la samli ndani ya sufuria ya maji ya moto, na ubadilishe maji kila dakika 20. Mpe mtu mmoja kazi hiyo tu. Samli ikiwa majimaji kabisa hupokewa na ulimi wa moto kabla haijafika chini, na utaona mwali unaruka juu, rangi ya manjano safi, bila moshi.

Kuhusu saa, hapa panahitaji utulivu, kwa sababu ndugu wa Rajkot au Jamnagar kule India hutuma muda kwenye simu na familia inaufuata kama ulivyo. Kuna muda wa aina mbili. Tithi, siku ya mwezi, huanza na kuisha kwa wakati mmoja dunia nzima, basi unaondoa saa 2 na nusu kutoka saa ya India: tithi inayoisha saa 10 jioni kule, huku inaisha saa 7 na nusu mchana. Lakini choghadiya na rahu kaal, mafungu ya saa njema na mbaya za siku, zinahesabiwa kuanzia jua linapochomoza pale ulipo. Mchana unagawanywa mafungu 8 sawa. Mbeya iko magharibi ya Dar es Salaam kiasi kwamba jua linachelewa zaidi ya dakika 20, na katikati ya Juni linachomoza karibu saa 1 asubuhi, siyo saa 12. Jumatatu fungu la kwanza ni amrit, jema, la pili ni kaal, baya. Mwenye kalenda inayodhani jua limetoka saa 12 ataona kaal ni saa 1 na nusu hadi saa 3, naye atasubiri ipite, kisha ataanza saa 3 kamili. Kwa jua la Mbeya la Juni, kaal inakwenda kama saa 2 na nusu hadi karibu saa 4. Ameikwepa kaal ya kwenye karatasi na kuingia ndani ya kaal yenyewe. Iringa tofauti na Dar es Salaam ni ndogo zaidi, kama dakika 15.

Siku yenyewe nyumbani kusipikwe nyama, mayai wala samaki, na pombe isiingie. Wenye havan huketi wakitazama mashariki, mke kuume kwa mume. Vaeni pamba au sufu. Sari za nailoni zinayeyuka zikipata cheche, na upindo wa dupatta, mtandio, ufungwe kiunoni. Mlango mmoja na madirisha mawili yanayokabiliana viwe wazi, hata kama ni Julai na upepo wa Mlima Loleza unaingia hadi kwenye mifupa. Jifunikeni mablanketi, madirisha msifunge. Kila mtu huku anajua habari za waliolala na jiko la mkaa ndani. Makaa ya havan ni makaa yale yale. Mwenye pumu, mtoto mchanga na mjamzito wakae upande unaoingiza hewa, karibu na mlango.

Pandit atauliza mambo ya sankalpa, tamko la nia: mahali, tarehe ya Kihindu, majina, gotra, yaani ukoo, na kusudi. Andikeni kwenye karatasi mapema. Mji hutajwa kwa jina lake, Mbeya au Iringa, wala hamna haja ya kujifanya mko ukingoni mwa Ganga. Gotra ni ya upande wa baba, mke hutumia ya mume, na asiyeijua yake kwa desturi hutaja Kashyap. Kusudi lisemwe wazi. “Kinga ya familia” ni pana mno; semeni ni kwa ajili ya nani na kwa jambo gani.

Baada ya kumwomba mungu Ganesh na kuweka kalash, chombo cha shaba chenye maji, majani 5 ya mwembe na nazi, wengi hutupa punje za haradali ya njano kuelekea pande zote. Hiyo ndiyo hatua ya ulinzi wa mahali. Kiganja kimoja kinatosha. Kisha moto: panga kuni kwa kupishana, kama matofali yanavyopangwa kwenye tanuri, ukiacha mianya. Kafuri vipande 3 au 4 chini, vibanzi vyembamba juu yake, vinene mwisho. Moto ukikataa kushika, ongeza kafuri na vibanzi vilivyochovywa kwenye samli. Mafuta ya taa yasisogee. Nimesikia hoja kwamba tone moja halidhuru, na siikubali. Linaharibu harufu, linaharibu sadaka, na mwali wake wa ghafla umeshaunguza nyusi za watu.

Zikifuata samidha tatu, na maji yakinyunyizwa mashariki, magharibi, kaskazini kisha kuzunguka, sadaka zinaanza. Mmoja anatia samli katikati kwa kijiko kirefu cha mti. Wengine wanashika mchanganyiko kwa kidole gumba, cha kati na cha pete, kiganja kikitazama juu, kidole cha shahada kikikaa pembeni, na wanaachia wote pamoja neno “svaha” linapotamkwa. Siyo kabla, siyo baada. Mchanganyiko uende kandokando ya mwali. Ukirundikwa katikati unaziba hewa, na hicho ndicho chanzo cha tatu cha moshi.

Kwa kinga na afya, mantra inayosomwa zaidi ni Mahamrityunjaya, iliyomo katika Rigveda 7.59.12. Inamwomba Tryambaka, mwenye macho matatu, atuachishe na mauti kama tango linavyoachia kikonyo chake. Naipenda picha hiyo. Anayelima matango anajua kwamba lililoiva halihitaji kuvutwa, unaligusa tu linabaki mkononi. Ombi si kwamba mtu asife. Ni kwamba asinyofolewe akiwa mbichi.

Ikisomwa mara 108 kwa mwendo wa wastani inachukua dakika 25 hivi. Watu wanne, kila mmoja akitia gramu 3 kila mara, watatumia karibu kilo 1 na gramu 300 za mchanganyiko. Hesabuni hivyo, msije mkaishiwa kwenye 80 mkaanza kupunguza. Mwali ukishuka chini ya ukingo wa beseni, pandit asimame kidogo, ziongezwe kuni mbili zilizopakwa samli, subirini ulimi urudi. Hakuna dhambi katika kusubiri. Ni afadhali sadaka 21 kwenye moto mzuri kuliko 108 kwenye moshi.

Sadaka ya mwisho, purnahuti, ni nazi. Iwe nazi kavu kabisa, ambayo maji yake yameisha na nyama imejiachia kwenye kifuu. Ukiitikisa inagonga ndani. Nazi mbichi ikifungwa kitambaa chekundu na kuwekwa motoni hupasuka kwa nguvu ya mvuke na kutupa makaa hadi ukutani. Kama huku umepata mbichi tu, toboa jicho lake, mwaga maji yote, uiache wazi upande wa juu. Mimina samli kwa mfululizo mwembamba huku “sarvam vai purnam svaha” ikisomwa mara tatu.

Ndipo uzi mwekundu unafungwa, mkono wa kuume kwa wanaume na wasichana, wa kushoto kwa wanawake walioolewa. Maneno yake yanasema: kwa kile alichofungiwa Bali, mfalme mwenye nguvu wa Danava, jamii ya majitu, kwa hicho nakufunga, ewe kinga, usitikisike. Prasad, chakula cha baraka, iwe halua ya suji, yaani semolina, kikombe kimoja na robo cha suji, samli vivyo hivyo, sukari vivyo hivyo, na igawiwe hadi kwa dada wa kazi, mlinzi na majirani waliokuwa wakiuliza mnachoma nini.

Kuna wanaoitetea havan kwa kusema inaua vijidudu na kusafisha hewa. Sioni haja. Moshi ni moshi, na ibada haisimami juu ya hoja hiyo. Vilevile mtoto mwenye homa kali apelekwe hospitali asubuhi, havan ifanywe jioni.

Beseni lisiachwe sebuleni usiku ili lipashe nyumba joto. Litoeni nje makaa yakiwa bado mekundu, kwa glavu nene au koleo mbili, mliweke mahali pasipo na majani makavu. Majivu hukaa na kaa hai ndani kwa siku nzima na zaidi, na pepo za Agosti na Septemba zinatosha kulipeleka kwenye nyasi za shamba la jirani. Siku ya tatu yachekecheni. Yale laini hupakwa kwenye paji la uso na kuhifadhiwa kwenye kikopo. Yaliyobaki yazikwe kwenye shina la mti wa matunda au yatawanywe kwenye mboga, ila si kwenye mito, kwa kuwa watu wa chini wanakunywa maji yale. Walio Mufindi na Tukuyu wasiyamwage kwenye chai. Mchai unataka udongo wenye tindikali, na majivu huiua tindikali hiyo.

Uzi ukichakaa, ufungueni kwa mkono bila kuukata, muufukie hapo hapo kwenye shina.